Sikio na Muziki

Macho yana kope na kinywa kina midomo, lakini sikio halina mlango. Mtu asiyetaka kuona hufumba macho, na asiyetaka kusema hufumba kinywa. Lakini asiyetaka kusikia hana la kufanya ila kuondoka mahali alipo, au kuziba masikio yake kwa vidole. Usiku viungo vingine vipumzikapo, sikio hubaki zamu. Yumkini ndiyo sababu wazee walinena kwamba sikio halilali na njaa. Kila siku hulishwa, kwa tamu na kwa chungu. Insha hii yahusu chakula kimoja cha sikio, nacho ni muziki. Na yahusu vyombo tunavyopakulia chakula hicho, hasa vile vidogo vivaliwavyo masikioni, ambavyo siku hizi vijana wengi wanavyo au wanavitamani.

Msomaji wangu, kabla hatujaenda mbali, na tutenganishe maneno mawili yanayofanana. Kusikia si kusikiliza. Kusikia ni kazi ya sikio. Kusikiliza ni kazi ya mtu. Mvua ikinyesha juu ya bati, aliyemo nyumbani huisikia apende asipende. Lakini mkulima anayetega sikio apate kujua kama mvua hiyo ni ya kupanda au ni ya kupita, huyo anasikiliza. Katika muziki ni vivyo hivyo. Wengi husikia nyimbo mchana kutwa, garini, dukani na njiani, wasiweze kueleza jioni walisikia nini. Wachache husikiliza wimbo mmoja, wakatajirika kwa huo mmoja.

Mimi ni mtu wa Rangwe, katika kaunti ya Homa Bay, nchi ya Kenya, kusini ya ghuba ya Ziwa Victoria. Nchi yetu ni ya mahindi, mtama na njugu, na ni nchi ya muziki pia. Katika lugha ya Kijaluo neno thum ni muziki, na neno hilohilo hutumika kwa nyatiti, chombo chetu cha nyuzi nane. Mpigaji wa nyatiti huketi juu ya kigoda kifupi, chombo kimelala ubavu chini mbele yake. Vidole vya mikono hucheza nyuzini; kidole gumba cha mguu, kilichovikwa pete ya chuma, hugonga ubao; njuga za mguuni hulia; na kinywa huimba. Mtu mmoja hufanya kazi ya watu wanne, wala hachanganyikiwi.

Zamani hizo, kusikiliza kulikuwa jambo la jamii. Hapakuwa na njia ya kumsikia mpigaji ila kwenda alipo, na aliyekwenda aliwakuta wenzake. Tena msikilizaji hakuwa mtu wa kukaa kimya tu. Palikuwapo, na pangalipo, desturi iitwayo pakruok: mtu aliyeguswa moyo humsimamisha mwanamuziki, hutoa fedha, kisha husimama akajisifu, au akamsifu rafiki yake, au ukoo wake, halafu muziki ukaendelea. Kwa desturi hiyo msikilizaji huwa sehemu ya wimbo.

Kisha zikaja mashine. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza chombo cha kwanza cha kunasa sauti ya mtu na kuitoa tena. Miaka kumi baadaye, 1887, Emile Berliner alibuni gramafoni itumiayo sahani bapa, tunayoiita santuri. Hebu fikiri, msomaji, ukubwa wa jambo hilo. Tangu binadamu awepo duniani, sauti ilikufa mara tu ilipotoka kinywani. Picha ya mtu iliweza kuchorwa, na maneno yake yaliweza kuandikwa, lakini sauti yake ilizikwa pamoja naye. Sasa mwimbaji aliweza kuwa mahali pamoja na wimbo wake mahali pengine. Aliweza hata kuwa kaburini, na wimbo wake ukawa sebuleni.

Kwetu mashine hizo zilipata kazi kubwa tangu miaka ya 1960, wakati wa kuchanua kwa benga. Vijana walishika gitaa, wakazifanya nyuzi zake zisemezane upesi upesi kama zisemavyo nyuzi za nyatiti. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006, alivuma kwa muziki huo pamoja na bendi yake ya Shirati Jazz. Kule Kericho kampuni ya Chandarana ilirekodi bendi nyingi za magharibi ya Kenya. Phares Oluoch Kanindo, mfanya biashara ya santuri ambaye baadaye aliingia katika siasa, alizisambaza nyimbo hizo mbali hata watu wa Zimbabwe wakauita muziki wa namna hiyo kwa jina lake, Kanindo. Santuri zenyewe zilikuwa ndogo, za kuzunguka mara 45 kwa dakika, na wimbo mmoja aghalabu uligawanywa sehemu mbili. Upande wa kwanza ulibeba maneno, na upande wa pili uliachiwa magitaa yajimwage. Aliyetaka kuusikia wimbo mzima hakuwa na budi kuinuka kitini akaigeuze santuri. Kazi ndogo, lakini ilimkumbusha kwamba anasikiliza.

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilileta kaseti, na muziki ukaingia mfukoni. Hata hivyo redio na gramafoni na kaseti vilikuwa na tabia moja: sauti yake ilijaa chumbani, ikatoka dirishani, ikamfikia jirani. Mwenye redio moja aliwalisha watu kumi.

Hedifoni ndizo zilizoibadili tabia hiyo. Asili yake haikuwa muziki bali kazi. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah kule Marekani, aliliuzia jeshi la majini la nchi yake hedifoni alizoziunda jikoni mwake, zipate kuwasaidia askari kusikia ishara za redio. Mwaka 1958 John Koss, wa mji wa Milwaukee, alitoa hedifoni za kusikilizia muziki hasa. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, kinanda kidogo cha kaseti chenye hedifoni, na tangu hapo mtu aliweza kutembea katikati ya umati akiwa peke yake na wimbo wake.

Ukikifungua chombo hiki utaona kwamba siri yake si kubwa. Ndani ya kila upande mna sumaku, mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na mna utando mwepesi. Umeme uliochukua muziki hupita katika waya. Waya huvutwa na kusukumwa kwa nguvu ya sumaku. Utando hutikisika pamoja nao, na hewa hutikisika kwa utando. Sikio hupokea mtikisiko huo, na akili huuita wimbo. Spika kubwa ya harusini hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba spika hutikisa hewa ya uwanja mzima, na hedifoni hutikisa hewa inayoweza kuenea katika kisoda.

Pale sokoni Rangwe pana kibanda cha fundi wa simu, na Jumapili alasiri wapenzi wa muziki wanne watano hukutana hapo, nami nikiwa mmoja wao. Kila mtu huweka mezani chombo chake na hutaja wimbo anaoupenda juma hilo. Fundi mwenyewe anazo hedifoni kubwa za waya zifunikazo sikio zima; mito yake imechakaa, naye ameishona upya mara mbili. Yeye ni mtu wa benga ya zamani. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi anazo zenye matundu kwa nje, zinazopitisha hewa. Husema kwamba muziki ndani yake hauko kichwani bali uko mbele yake, kama kwamba ameketi barazani. Na humsikiliza humo Ayub Ogada, aliyeichukua nyatiti akaipeleka ulimwenguni kwa santuri yake ya mwaka 1993 iitwayo En Mana Kuoyo. Kijana wa bodaboda anazo ndogo zisizo na waya, naye ni mpenzi wa ohangla. Mzee wa mashine ya kusaga unga hupenda rumba ya Kongo, na hasa magitaa ya Franco. Mimi ninazo iafoni za waya za bei ya mlo mmoja hotelini, na moyo wangu uko kwa orutu, zeze letu la waya mmoja. Maana hustaajabu kila siku jinsi waya mmoja unavyoweza kulia kama mtu.

Baraza yetu ina kanuni mbili. Ya kwanza, anayevaa chombo cha mwenzake hukaa kimya mpaka wimbo uishe. Ya pili, akivua hasemi bei; husema alichosikia. Utaona, msomaji, kwamba kanuni hizi zaondoa majivuno yote. Kijana aliyekuja na chombo cha shilingi elfu nyingi asipoweza kueleza alichosikia, chombo chake kimempa nini? Na mwingine mwenye chombo duni akisema, "Nimesikia gitaa la pili likisubiri la kwanza limalize ndipo lijibu," sote hunyamaza, tukamwomba aurudie wimbo tupate kusikia nasi.

Mabishano hayakosekani. Upande mmoja husifu waya: hauhitaji kuchajiwa, na fundi aweza kuuunga ukikatika, nao hukatika daima pale unapoingia katika simu. Upande wa pili husifu vyombo visivyo na waya kwa wepesi wake, na hujibiwa kwamba betri yake ikichoka hapana wa kuifufua. Mimi nimeona kwamba ubora si waya wala kukosa waya. Chombo chema ni kile ambacho sauti nene haifuniki sauti nyembamba, maneno ya mwimbaji husikika bila kuongeza nguvu, na sikio halichoki baada ya saa moja.

Nitakueleza jambo moja lililonifundisha thamani ya kusikiliza kwa namna hii. Baba yangu mdogo alikuwa mwitikiaji katika bendi moja ndogo ya benga, ambayo haikupata umaarufu. Katika miaka ya 1970 bendi hiyo ilirekodi santuri moja. Mwaka 1981 baba mdogo alifariki kwa maradhi, akaacha binti wa miaka miwili. Hapakuwa na kitu kingine kilichobeba sauti yake. Santuri hiyo ilikaa miaka mingi ndani ya sanduku chini ya kitanda cha nyanya yangu, ikatolewa mara chache siku za sikukuu na kupigwa kwa spika ya redio. Kwa spika hiyo tulisikia ngoma na besi na mwimbaji mkuu. Watu walisema, "Na huyo nyuma ndiye yeye," nasi tuliitikia kwa heshima, lakini kwa kweli hapana aliyeweza kumtenga na wenzake.

Mwaka mmoja fundi wetu alipata kinanda cha santuri, akakisafisha, na akainakili santuri ile katika simu kabla mifereji yake haijalika zaidi. Binti yule, ambaye sasa ni mama mwenye watoto, aliitwa kibandani. Fundi alimvika zile hedifoni zake kubwa. Wimbo ulianza, naye alikaa ameinamisha kichwa. Ulipofika mahali pa kuitikia aliinua mkono, akauliza, "Huyo anayevuta pumzi ni nani?"

Fundi alimjibu, "Ni baba yako, mama. Anajitayarisha kuitikia."

Ni kweli. Kabla ya kila kiitikio palikuwa na pumzi ya mtu, ndogo, karibu sana na kinasa sauti, ambayo spika ya redio haikuitoa hata siku moja. Baada ya pumzi hiyo ilikuja sauti ya chini kidogo ya mwimbaji mkuu. Na katika ubeti wa tatu sauti hiyo ilichelewa kidogo, kama ya mtu aliyesahau zamu yake. Mwisho wa upande wa pili, magitaa yaliponyamaza, alisikika mtu akicheka. Nyanya aliposikilizishwa alisema kwamba kicheko hicho hakihitaji shahidi. Dada yangu aliomba wimbo urudiwe. Safari ya pili aligeuza upande mmoja wa hedifoni, akamwita mwanawe mdogo, na mama na mtoto wakaweka vichwa pamoja, huyu kwa sikio la kulia na huyu kwa sikio la kushoto, wakamsikiliza mtu ambaye mmoja wao hakuweza kumkumbuka na mwingine hakupata kumwona.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba hedifoni ni chombo cha ubinafsi. Kisu hukata mkate na hukata kidole. Kosa si la kisu. Hedifoni humpeleka msikilizaji karibu na mwimbaji kuliko gramafoni zote za zamani. Lakini zina hatari mbili, nami ningekuwa mshauri mwovu kama ningezinyamazia.

Hatari ya kwanza ni kwa sikio lenyewe. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojisokota kama gamba la konokono, na humo mna chembe zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 kwa kila sikio. Chembe hizo ndizo zigeuzazo mtikisiko kuwa habari ya ubongo. Kelele nyingi huzichosha. Kelele zikizidi huziua. Na kwa binadamu chembe iliyokufa haioti tena kama nywele au ukucha. Za kwanza kupotea ni zile zipokeazo sauti nyembamba. Yule mzee wa mashine ya kusaga amekaa kando ya injini miaka zaidi ya ishirini, wala hakupewa na mtu kitu cha kuzibia masikio. Siku moja tulipomvika wimbo wa Franco aliuliza kwa nini gitaa jembamba limeondolewa. Halikuondolewa. Sote tulilisikia ila yeye. Siku hizi hasikii vema maneno ya wajukuu wake, kwa kuwa sauti za watoto ni nyembamba. Na kila akivaa hedifoni huongeza nguvu, na kila akiongeza nguvu hupoteza akiba iliyobaki. Nilipata kumwambia, "Mzee, punguza kidogo." Alinijibu kwa upole, "Mwanangu, nikipunguza, Franco ananiaga."

Msomaji wangu kijana, mzee huyu alipoteza masikio yake akitafuta riziki. Wewe usipoteze yako kwa kutafuta starehe. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo katika hatari hiyo kwa sababu ya kusikiliza kwa nguvu mno. Kipimo cha nguvu ya sauti huitwa desibeli. Shirika hilo lashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma katika desibeli 80, na kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Sasa angalia jinsi hesabu hii inavyopanda: kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa usalama hupungua nusu. Desibeli 90 huruhusu saa 4 tu kwa juma, na desibeli 100 huruhusu dakika 20. Kwa hiyo weka sauti chini ya asilimia 60 ya uwezo wa simu yako, pumzisha masikio mara kwa mara, na ukisikia mlio masikioni baada ya kuvua, jua kwamba umeonywa. Ngoma ikilia sana hupasuka; na sikio nalo ni ngoma.

Hatari ya pili ni ya kufunga mlango mahali usipopaswa kufungwa. Barabarani sikio ni jicho la kisogoni. Kijana wetu wa bodaboda hapo kwanza aliendesha masikio yote mawili yakiwa yamezibwa, hata abiria wake alipopiga kelele kumwonya juu ya lori lililokuwa nyuma yao hakusikia neno. Mungu aliwaokoa kwa upana wa kiganja. Tangu siku hiyo ohangla yake hukaa mfukoni mpaka pikipiki isimame. Na nyumbani vilevile: mtoto anayeitwa mara tatu na mama yake asiitike, huku kichwa chake kikitikisika kwa wimbo, amenunua muziki kwa bei ghali kupita ile ya dukani.

Nina nasaha moja zaidi. Simu ile unayoitumia kusikiliza yaweza pia kunasa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Kenya akirekodi wanamuziki, Wajaluo miongoni mwao, na mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika ambayo ingaliko. Kwa sababu ya kazi hiyo twaweza leo kusikia vidole vya watu waliokufa zamani. Jijini Nairobi, Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music wamefanya kazi kama hiyo, na mwaka 2008 walitoa kitabu na nyimbo kuhusu historia ya benga. Lakini watu hao hawawezi kufika kila boma. Katika kijiji chako yuko mzee anayejua kupiga nyatiti au orutu, au bibi anayejua nyimbo za kubembelezea watoto za zamani. Mwombe ruhusa kwa adabu, weka simu mahali patulivu, mwache aimbe, kisha andika jina lake, mahali na tarehe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nyimbo za Nairobi na za ng'ambo zitakufikia hata usipozitafuta. Ya bibi yako isiponaswa mwaka huu yaweza isisikike tena milele.

Basi chagua chombo chako kwa kadiri ya mfuko wako, bila haya na bila majivuno. Kisafishe, kitumie kwa kiasi, na mpe mwenzako upande mmoja. Tunza masikio, kwa maana chombo cha dukani kikiharibika kiko kingine, lakini sikio halina duka. Na uvaapo hedifoni usikilize mpaka mwisho wa wimbo, hata pale magitaa yanaponyamaza. Kwa kuwa nyuma ya kila sauti yuko mtu, na huenda ana jambo dogo alilokuachia, linalongoja atakayetega sikio.